Kabla ya Kuuliza Kama Linawaka

Mtu akisikia kwamba kuna gari la zamani la spoti limelala miaka mingi katika banda la nyumba fulani, na kwamba wenyewe sasa wanataka kuliuza, swali lake la kwanza huwa ni moja: linawaka? Nami nilikuwa mtu wa swali hilo. Nilidhani kwamba injini ndiyo roho ya gari, na kwamba roho ikiwapo, mengine yote ni mambo ya fundi na subira. Imenibidi kupitia magari mawili, moja nililolinunua na moja nililoliacha, ndipo nikafahamu kwamba swali hilo lina mahali pake, lakini mahali pake ni mwishoni, baada ya maswali mengine ambayo majibu yake hayana mlio.

La kwanza lilikuwa MGB. Mwaka 2008 niliambiwa kuna moja mjini Nairobi, ya rangi ya kijani, iliyokuwa haijatoka uani kwa miaka kumi na mmoja. Magari hayo yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ni ya chuma kizito isiyo na mambo mengi, ndiyo maana kila niliyemwuliza aliniambia kwamba injini ile haifi. Nilifika na betri mpya, lita tano za petroli na vijana wawili wa kusukuma. Jambo hilo nalisema kwa majuto hadi leo. Tulizungusha starta mara tatu, mara ya nne injini ikaitika, moshi mweupe ukajaza ua, na kwa dakika mbili nzima ikanguruma. Nami, kabla moshi haujatawanyika, nilikuwa nimekwisha kutoa pesa.

Kilichotokea ndani ya dakika mbili zile nilikijua baada ya mwezi, injini ilipofunguliwa. Gari likikaa miaka bila kuzunguka, ringi za pistoni hushikana na kuta za silinda kwa kutu nyembamba ambayo kwa nje huioni, na mafuta yaliyokuwa yakizilinda huwa yameshuka chini yote. Ukizizungusha kwa nguvu ya starta zikiwa kavu namna hiyo, ama hukwaruza silinda ama hukatika. Zangu zilikatika mbili. Hilo bado lingetengenezeka. Lililonishinda ni bodi. Chini ya milango, katika ile mihimili mirefu ya pembeni ambayo gari huitegemea lisipinde, palikuwa na rangi nyeusi mpya, na chini ya rangi palikuwa na fila, ule udongo wa mafundi wa bodi, uliokandikwa juu ya magazeti. MGB haina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo chasisi. Fundi alipoliinua kwa jeki, mlango wa kushoto haukufungika tena, kwa kuwa gari lilikuwa limejikunja katikati. Lilikaa uani kwangu miaka mitatu, kisha nikamwuzia mtu aliyetaka vipuri.

Basi niliposikia, Januari mwaka 2022, kwamba kuna Datsun 240Z imelala Kizingo, hapa hapa Mombasa, moyo ulinienda mbio, na papo hapo nikajiwekea sharti moja: sitabeba betri.

Gari hilo lilitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1969 na likaendelea kutengenezwa hadi 1973. Lina boneti ndefu, viti viwili, na injini iitwayo L24, ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, inayolishwa na kabureta mbili. Lakini kwetu sisi halikujulikana kwa vipimo hivyo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari wakiwa ndani yake, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda yeye, pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine. Marehemu baba yangu aliyasimulia hayo kama mtu anavyosimulia mambo ya ukoo wake, na jina la Mehta nililijua kabla sijajua kusoma. Ndiyo kusema nilikuwa mnunuzi aliye hatarini hata kabla sijaliona gari, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulipenda.

Nilikwenda mara ya kwanza peke yangu, mikono mitupu. Nyumba ile iko hatua mia mbili hivi kutoka ukingo wa bahari. Banda lilikuwa la mabati juu, wazi pande tatu, chini ya mwarobaini mkubwa. Kabla sijalikaribia gari nilisimama nikalitazama banda, maana banda hukueleza mengi. Upepo wa kusi hupiga upande ule miezi mitano au sita ya mwaka, nao huja na chumvi; na chumvi ikishakaa juu ya chuma huvuta unyevu, kwa hiyo chuma hakikauki hata siku isiyo na mvua. Banda la namna ile hulikinga gari na jua. Na chumvi halilikingi.

Aliyenipokea ni mwana wa marehemu mwenye gari, kijana mwenye adabu sana, ambaye hata kabla ya chai alinionyesha simu yake. Alikuwa amesoma kwamba Januari mwaka 2020 Datsun 240Z moja iliuzwa Marekani, katika mnada wa mtandaoni, kwa dola 310,000. Habari hiyo ni ya kweli. Nilimweleza kwa upole kwamba gari lile lilikuwa limetembea maili elfu ishirini na moja na kitu tu katika umri wake wote, tena likiwa limetunzwa, na kwamba bei ya nyumba iliyokamilika haikwambii bei ya msingi uliomea nyasi. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Sasa hili la Mzee ni kiasi gani, kaka?" Nikamjibu kwamba sijui, na kwamba itanibidi kuja tena mara mbili au tatu kabla ya kujua.

Aliniambia gari liliegeshwa mwaka 2007 au 2008. Nilichutama kwenye gurudumu la mbele la kulia, ambalo tairi lake lilikuwa limelala chini kwa kuisha upepo, nikalowesha kidole na kufuta vumbi la ubavuni. Kila tairi huwa na alama ya wiki na mwaka lilipotengenezwa. Tangu mwaka 2000 alama hiyo ni tarakimu nne. Kabla ya hapo zilikuwa tatu. Hapa palikuwa na tatu, 237, na kando yake pembetatu ndogo, ambayo baadhi ya watengenezaji waliiweka kuonyesha kwamba ni miaka ya tisini. Wiki ya 23 ya mwaka 1997. Nililizunguka gari lote. Matairi yote manne yalikuwa ya mwaka huo, na meno yake yalikuwa bado marefu kana kwamba hayajatembea hata mwezi.

Mama wa nyumba alikuwa ameketi barazani akichagua mchele na kutusikiliza. Nikamwuliza, "Mama, Mzee aliliweka gari hapa lini?" Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Mwaka wa El Niño, mwanangu. Alitia mipira mipya, mvua zikaanza, akasema zikikatika atalitoa. Hakulitoa tena."

Mvua zile zilianza mwishoni mwa mwaka 1997. Kijana hakuwa amenidanganya. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule, na kumbukumbu za utotoni husogea. Lakini miaka kumi ya ziada ni misimu kumi ya kusi juu ya bati lile lile, na mnunuzi anayekubali tarehe aliyotajiwa bila kuichunguza huwa amekubali pia kutu asiyoijua.

Palikuwa na hadithi nyingine, ya jirani, kwamba gari lile lilikimbia Safari. Nimeisikia hadithi hiyo kwa karibu kila Datsun ya umri ule niliyoiona pwani. Ushahidi wake ulikuwa matundu manne mbele ya gari, yaliyotobolewa kwa ajili ya taa za ziada. Lakini miaka ile wenye magari wengi walitia taa hizo kwa kupenda tu, na barabara zetu za usiku ziliwapa sababu ya kutosha. Gari lililoshinda mwaka 1971 lilikuwa na namba za Japani, nalo limehifadhiwa na Nissan, watengenezaji wa Datsun, kule Zama, Japani, hadi leo, likiwa bado na majeraha yake. Nilimwambia kijana kwamba hadithi ya mbio huongeza bei pale tu inapofuatana na karatasi, na kwamba kuitangaza bila karatasi kutamletea wanunuzi watakaoshuku hata yale ya kweli.

Mara ya pili nilikuja na fundi mzee wa Majengo ambaye amekuwa akinishauri tangu msiba wa MGB. Tulileta tochi, sumaku iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, bisibisi ya mpini wa mbao, turubali la kulalia na daftari. Nilimsogeza kwanza kwenye injini, kwa mazoea, naye akanirudisha nyuma kwa mkono. "Usiangalie injini, mwanangu," akasema. "Angalia maji yamepita wapi."

Neno hilo ndilo lililonifundisha kulisoma gari. Chini ya kioo cha mbele, 240Z ina mfereji uliofichika unaopokea maji ya mvua na kuyashusha kwa njia mbili za pembeni hadi nyuma ya magurudumu ya mbele. Fundi alifungua kifuniko chake cha vitundu, akaingiza mkono, akatoa konzi ya kitu cheusi akakiweka kiganjani mwangu. Yalikuwa majani ya mwarobaini, ya miaka ishirini na zaidi, yaliyoshindiliwa yakawa kama ugoro uliolowa. Ilikuwa Januari, kaskazi, wiki kadhaa bila tone la mvua, na bado yalikuwa na ubaridi wa maji. Bati juu ya banda lilikuwa limetoboka; maji yalishuka, yakakuta njia zimezibwa, yakakaa. Kutoka hapo tuliyafuata. Yalikuwa yamepenya ndani ya mbawa za mbele, mahali ambapo tope hujikusanya nyuma ya gurudumu, na sumaku ilipopita hapo ikashika, ikaachia, ikashika tena. Yalikuwa yameingia chumbani kupitia kona ya kushoto. Kwa ruhusa ya kijana tuliinua zulia la upande wa abiria, na badala ya sakafu tukaona mchanga wa banda, na juu ya mchanga njia nyembamba ya siafu wakipita zao.

Chini ya gari, fundi alilala chali juu ya turubali akigonga kwa mpini wa bisibisi, polepole, kila upana wa kiganja. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, kama ya sanduku la karatasi. Mihimili miwili inayopita chini ya sakafu ya gari hili ni ya bati jembamba tangu kiwandani, na wa kushoto ulikuwa umekwisha urefu wa mkono mzima. Betri ya mwaka 1997 ilikuwa bado mahali pake, hakuna aliyekumbuka kuitoa, na tindikali yake ilikuwa imekula kibao chake na kushuka hadi kwenye mhimili ulio chini yake. Mahali pa tairi la akiba, nyuma, palikuwa na kutu ya juu juu tu. Upande wa kulia wote ulikuwa mzuri kuliko nilivyothubutu kutarajia, na sumaku haikukuta fila hata mahali pamoja. Hilo lilinifurahisha kweli kweli. Kutu iliyo wazi ni mkweli. Inakuonyesha inapoanza na inapoishia. Kilichofichwa kwa fila ndicho kinachomfilisi mtu.

Ndipo tukaja kwenye injini, na hapo pia si kwa kuiwasha. Fundi alisugua ubavu wa kulia wa bloku kwa kitambaa chenye dizeli hadi namba ikatokea, akaisoma kwa sauti nami nikaifuata kwenye kibati cha gari: ni ile ile. Namba ya bodi, inayoanza na HS30, ambayo ni alama ya 240Z zenye usukani wa kulia, ilikuwa pia imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba, na zote zilikubaliana. Kisha akatoa plagi zote sita, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake, akamimina katika kila tundu mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya injini, akafunga boneti. "Tutarudi siku ya nne," akasema. Kijana aliuliza kama tusingejaribu angalau mara moja. Nilimsimulia habari za ringi zangu mbili, naye akanyamaza.

Siku ya nne fundi alitia spana ya boksi kwenye nati ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akaegemea kwa mkono mmoja tu, bila bomba la kuongezea nguvu. Haikwenda. Alitua, akarudisha nyuma kidogo, akaegemea tena. Niliiona puli ikisogea upana wa kidole, ikasimama, ikasogea upana wa kiganja, na mafuta meusi yakachuruzika kwenye tundu la plagi ya tano. Ilimchukua karibu saa nzima kuikamilisha mizunguko miwili, akisikiliza kila mara kama pana kinachokwaruza. Injini hii huzungusha kemu yake, ule mhimili unaofungua valvu, kwa mnyororo wa chuma, si mkanda wa mpira, na kwa gari lililolala hiyo ni heri kubwa, kwa sababu mpira ungekuwa umeoza. "Basi linawaka?" kijana akauliza. "Linazunguka," fundi akamjibu. "Kuwaka ni kazi ya siku nyingine."

Tangi lilinuka vanishi, kama linukavyo kila tangi lililoachwa na petroli, na hilo huoshwa au hubadilishwa. Mpira wote wa gari, mabomba, bushi, vizuizi vya maji vya milangoni, uhesabu kuwa umekwisha. Usipoteze muda kuuchunguza. Breki zilikuwa zimeshika kabisa, kwa kuwa mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa na kuozesha silinda zake kwa ndani, na zaidi ya hayo Mzee alikuwa ameliacha likiwa na breki ya mkono. Viatu vya breki za nyuma vilikuwa vimegandana na madramu yake. Fundi aliyagonga kwa nyundo ya mbao, akayapaka mafuta ya kupenya, akayazunguka kama mtu anayembembeleza mtoto, na jioni ile yote mawili yakaachia. Hakuombwa. Alisema hapendi kuacha kitu kimefungwa.

Kazi yangu ni ya nyaraka za mizigo bandarini, kwa hiyo karatasi ndizo nilizoziweka mara ya nne, zipate siku yake zenyewe. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ilikuwapo, ya zamani, kwa jina la marehemu, na namba zake ziliafikiana na gari. Lakini marehemu hauzi, na kijana aliyenionyesha simu alikuwa mmoja tu wa wenye mali. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mjane aliye na watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki hugawanywa kwa watoto, mwana mafungu mawili na binti fungu moja. Waliokuwapo ni Mama, wana wawili na binti wawili, na mmoja wa mabinti yuko Muscat. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika Datsun ile, hata kama hajawahi kuketi ndani yake. Nilimwambia kijana kwamba hata kama ningetaka kutoa pesa siku ile ningekuwa nimenunua ugomvi wa ndugu, na kwamba njia yao ni Mahakama ya Kadhi kwanza, kisha kuhamisha umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Nilimkumbusha pia kwamba Kenya hairuhusu mtu wa kawaida kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo gari la umri huu ambalo tayari liko nchini na lina logibuku yake ya tangu mwanzo lina thamani katika karatasi zake kama katika chuma chake. Wengi huuza chuma na kuipoteza karatasi katika droo ya jikoni.

Kisha nikakaa na daftari. Ukarabati wa injini ya L24 unaweza kukadiriwa, hata kwa wasiwasi, kwa sababu vipuri vyake vinajulikana na vingi bado vinatengenezwa upya Marekani na Japani, pamoja na sakafu na mihimili. Bodi haikadiriki hivyo. Hesabu yake hujulikana rangi ikishatolewa, na rangi hutolewa gari likishakuwa lako. Niliandika kiasi nilichodhani, nikakiongeza nusu yake, nikajumlisha na bei ambayo ningeweza kumtolea Mama bila kumdhulumu. Jumla haikunitisha kama nilivyoogopa. Ingewezekana, kwa miaka mitatu, na nisiposafiri.

Nilimwonyesha mke wangu hesabu ile. Hakunikataza. Alizisoma kurasa zote, akarudisha daftari, akaniuliza swali moja: "Litalala wapi?"

Tunaishi Bamburi. Uani kwetu pana kivuli cha turubali na upepo wa bahari ule ule. Nilikuwa nimelichunguza gari siku nne, nikazichunguza karatasi, nikachunguza hata banda la watu, ila sikuwa nimejichunguza mimi na nyumba yangu. Gari lile lilihitaji kufunguliwa lote mahali pakavu penye kuta nne na mlango, likae hivyo miezi mingi likiwa uchi wa bati, na mtu wa kulirudia kila wiki. Mimi nina Jumapili, na si zote. Kulitoa Kizingo nikalipeleka Bamburi kungekuwa kulihamisha kutoka banda moja la kutu hadi jingine, safari hii likiwa limefunguliwa, na kutu ya bati lililo wazi haingoji miaka. Nililala na jambo hilo siku nyingi. Lilikuwa gari la hadithi za baba yangu, injini yake ilikuwa imezunguka mbele ya macho yangu, na sikupata usingizi mzuri hadi nilipokata shauri kwamba sitalinunua.

Nilikwenda mara ya tano kumwambia Mama mwenyewe, kwa sababu jambo kama hilo halipelekwi kwa simu. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwani ni bovu, mwanangu?" Nikamjibu, "Si bovu, Mama. Linataka mtu mwenye nafasi nisiyokuwa nayo." Nikampa kurasa mbili nilizoziandika kwa mkono safi: mahali kutu ilipo na mahali isipo, namba zote zilizokubaliana, mwaka hasa lilipoegeshwa, kwamba injini imezungushwa kwa mkono na isitiwe betri, na kiasi ambacho kwa maoni yangu mtu mwaminifu angeweza kulitolea katika hali ile. Kijana alizisoma akiwa amesimama. Kiasi kile kilikuwa mbali sana na dola za simu yake, naye hakubishana.

Siku hiyo hiyo, mimi na fundi tulitoa betri ya zamani, tukasafisha mfereji wa chini ya kioo hadi maji ya kopo yakapita pande zote mbili, tukafungua breki ya mkono na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukamimina mafuta mapya juu ya pistoni na kufunga plagi. Mabati ya banda yalizibwa na kijana mwenyewe wiki iliyofuata.

Mirathi iliwachukua muda, hasa kwa sababu ya binti wa Muscat, ambaye hatimaye alikuja mwenyewe. Januari mwaka 2023 kijana alinipigia simu kuniambia kwamba kuna mnunuzi kutoka Nakuru, mwenye karakana yake iliyoezekwa na kuzungushiwa ukuta, na kwamba anataka niwepo. Nilimkuta amekwisha kufika, mtu wa makamo, amezikunja kurasa zangu mbili mfukoni mwa shati. Hakuuliza kama linawaka. Alipiga magoti upande wa kushoto, akaomba ruhusa kwa Mama, akainua zulia.

Walikubaliana kwa bei iliyozidi kidogo ile niliyoiandika. Lori lilikuja siku ya tatu, na kwa kuwa matairi ya mwaka 1997 yalikuwa yamepasuka ubavu, mnunuzi alileta magurudumu manne ya kuazima. Fundi wangu alisimama kando ya dramu la nyuma la kulia, kiganja juu ya bodi, akisikiliza. Vijana wanne wakasukuma. Gari lilisita kidogo mahali ambapo sakafu ya banda inainuka, kisha likatoka juani likizunguka magurudumu yote manne, na majani makavu ya mwarobaini yakawa yanadondoka kutoka chini yake njia nzima hadi kwenye ngazi ya lori.